Picha za askari zipo, majina yako wapi?

JULAI 26, 1916, Wajerumani waliizamisha kwa makusudi meli yao ya Graf von Götzen karibu na mlango wa Mto Malagarasi, upande wa Ilagala, mkoani Kigoma. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 inajulikana kama Liemba. Historia imehifadhi jina la Anton Rüter, fundi aliyetoka Papenburg kuja kusimamia uunganishaji wake. Askari na wapagazi wa Kiafrika walioibeba vita hiyo, kwa sehemu kubwa, hawana majina.

Si kwamba hawakupigwa picha. Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani aliyeishi Dar es Salaam, aliacha mamia ya picha za wakati huo, ambazo sasa zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani. Nyuso zinaonekana vizuri, lakini maelezo yake mara nyingi huishia kwenye neno moja: askari.

Linganisha na picha ya Joe Rosenthal ya Februari 23, 1945, inayoonyesha Wamarekani sita wakisimika bendera kisiwani Iwo Jima. Hata hiyo ilikosewa. Jeshi la Wanamaji wa Nchi Kavu la Marekani lilirekebisha majina mwaka 1947, likarudia 2016 na tena 2019. Masahihisho ya karibuni yaliwezekana kwa kulinganisha mavazi na zana katika picha nyingine na filamu ya tukio lilelile, kisha kurejea kumbukumbu za kikosi.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Uso hauwezi kupewa jina pasipo orodha ya kulinganishia. Ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyotolewa Aprili 2021, ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000 waliofia upande wa Uingereza, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa wengi, sanamu ilionekana kutosha. Ile ya Askari jijini Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inasimama kwa niaba ya maelfu. Kariakoo imebaki na jina la kikosi cha wapagazi, si la mpagazi yeyote.

Kosa la Iwo Jima lilisahihishwa baada ya miaka zaidi ya 70 kwa sababu karatasi zilikuwapo. Kwa askari wa Ziwa Tanganyika, kosa lilifanyika kabla ya picha kupigwa: hakuna aliyeona haja ya kuuliza jina. Kilichosalia ni kumbukumbu za koo, nazo hupungua kila mzee anapozikwa.