Jamani, kabureta si redio!

Hapa chuo wiki hii ni tesiti juu ya tesiti, lakini kuna jambo limenikaa kooni, leo lazima nilitoe.

Ni hizi mashine ndogo za petroli za kukatia majani. Hapa chuo zinalia toka asubuhi, na kwetu Nyarugusu, kule Kasulu, ninazo akilini zaidi. Mashine ikikohoa kidogo tu, mtu kakimbilia bisibisi: zungusha kulia, zungusha kushoto, kama anatafuta stesheni ya mpira. Mimi nasema skrubu ya kabureta ni ya mwisho kuguswa.

Waliosoma fizikia mnamkumbuka Bernoulli. Hewa ikipita kwenye koo jembamba inakwenda mbio, mgandamizo unashuka, petroli inavutwa. Sasa eya klina ikijaa vumbi letu jekundu, hewa inapungua na petroli inazidi: moshi mwingi, plagi nyeusi, nguvu hakuna. Kosa la kabureta hapo liko wapi? Safisha eya klina, safisha plagi, mwaga mafuta yaliyolala, weka mapya. Mara nyingi ugonjwa umeisha.

Ila kuna sababu moja ya haki: mwinuko. Mashine iliyowekwa sawa Dar, pwani kabisa, ukiipandisha Kasulu, zaidi ya mita 1,000, hewa inakuwa nyepesi kwa kama asilimia 10. Petroli inazidi. Hapo rekebisha, lakini kwa utaratibu. Kama kabureta yako ina skrubu za L na H, kulia ni kupunguza petroli, kushoto ni kuongeza. Pasha injini moto kwanza. Anza na L, ya mzunguko wa chini: tafuta pale injini inapozunguka vizuri zaidi, halafu rudisha kushoto kidogo. Kisha shusha sailensi mpaka kisu kisimame. H iguse mwisho, robo mzunguko au chini yake kwa mara moja. Ikipiga kelele kali, nyembamba, fungua kidogo.

Hiyo kelele ndiyo inayowadanganya watu. Wanasema, "Sikia inavyochanganya!" Kumbe inakufa. Hizi injini nyingi ni za mchanganyiko, oili imo ndani ya petroli. Ukibana petroli umebana na oili. Pistoni inachemka, injini inanoki. Na ukishuka nayo Kigoma mjini, kando ya ziwa, kwenye mita kama 800, hewa inaongezeka tena. Uliyoibana mlimani iangalie upya.

Mtasema ni mambo madogo. Si madogo kwa kijana anayekata majani ya watu apate hela ya unga. Na ndani ya kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, ni zaidi: chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998 mkimbizi hatoki bila kibali. Injini ikinoki, huwezi tu kupanda gari ukafuate pistoni mjini.

Kwa hiyo walimu wenzangu watarajiwa, tukienda kufundisha, tuombe kabureta mbovu gereji tuingie nayo darasani. Bernoulli wa ubaoni anasahaulika baada ya mtihani. Bernoulli wa mkononi anaokoa mashine ya mtu.

Naomba kuwasilisha. Narudi kwenye madesa.