Wataalamu walishajibu, wakubwa ndio hawataki kusikia

Tarehe 1 Machi 1954 wavuvi 23 wa Kijapani walikuwa wakivua jodari katika bahari ya Pasifiki, wakaona mwanga mkali upande wa magharibi. Marekani ilikuwa imelipua bomu la nyuklia kwenye visiwa vya Bikini. Waliolitengeneza walikadiria nguvu ya megatoni 6. Zikatoka 15. Saa chache baadaye majivu meupe yakawanyeshea wavuvi wale, wote wakaugua, na fundi wao wa redio akafariki Septemba mwaka huo.

Ndugu msomaji, habari hii si ya kale kama inavyoonekana. Novemba 2023 Urusi ilifuta uidhinishaji wake wa mkataba unaopiga marufuku majaribio yote ya nyuklia. Oktoba 2025 Rais Donald Trump akatangaza kwamba ameagiza majaribio ya silaha hizo yaanze tena, ilhali Marekani haijalipua hata moja tangu Septemba 1992. Katika mambo kama haya, neno la mtaalamu lina uzito gani? Kwa maoni yangu lina uzito mkubwa, lakini silo linaloamua.

Tuanze na uzito wake. Joseph Rotblat, mwanafizikia mzaliwa wa Poland aliyeacha mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu mwaka 1944, alitumia vipimo vya majivu yale kuonyesha kwamba bomu la Bikini lilikuwa na sumu kuliko dunia ilivyoambiwa. Mwaka 1957 yeye na wenzake wakaanzisha mikutano ya Pugwash, ambako wanasayansi wa Magharibi na wa Kisovieti walizungumza hata pale serikali zao zilipokuwa zimenuniana. Mwaka 1958 wataalamu wa pande zote mbili wakakutana Geneva kujibu swali moja: je, nchi ikilipua bomu kwa siri inaweza kugunduliwa? Wakajibu kwamba ukiwepo mtandao wa vituo vya kupima, inawezekana kwa sehemu kubwa.

Hapo ndipo siasa ilipoingia. Mkataba wa 1963 ulikataza majaribio ya hewani, angani na chini ya maji, ukaacha ya chini ya ardhi. Sababu iliyotolewa ilikuwa ukaguzi: Marekani ilitaka wakaguzi waingie mara 7 kwa mwaka, Wasovieti wakasema 3 tu. Lakini saba au tatu si swali la fizikia. Ni swali la watu wasioaminiana, lililovishwa kanzu ya sayansi. Majaribio yakaendelea chini ya ardhi kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mkataba kamili ulipatikana mwaka 1996, na Kenya ikauidhinisha mwaka 2000. Mtandao wake umepangiwa vituo 321 duniani: vya mitetemo ya ardhi, vya kusikiliza baharini, vya sauti nzito zisizosikika kwa sikio, na vya kunusa mionzi hewani. Kimoja kiko Kilimambogo, kingine Nairobi. Korea Kaskazini ililipua mara 6 kati ya 2006 na 2017, na mara zote mtandao ukanasa. Hata hivyo, mkataba haujaanza kutumika. Seneti ya Marekani iliukataa mwaka 1999 kwa kura 51 kwa 48, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba wadanganyifu hawatakamatika. Leo hoja hiyo imepungua nguvu, lakini kura haijarudiwa. Mwenye macho haambiwi tazama, ila asiyetaka kuona hata umuonyeshe vipi.

Sisi wa Pwani linatuhusu nini? Kumbukeni tsunami ya 26 Desemba 2004. Vituo vya mtandao huu vilinasa tetemeko la Sumatra, lakini hakukuwa na utaratibu wa kupeleka taarifa zake moja kwa moja kwa watoa tahadhari ya tsunami. Somalia walikufa takriban watu 300. Kwetu Kenya, alhamdulillahi, aliripotiwa kufariki mmoja. Baada ya msiba huo ndipo nchi wanachama zikakubali taarifa zitumike pia kuokoa watu. Vyombo vilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni ruhusa.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu wa Pwani waulize mambo mawili. Taarifa zinazokusanywa Kilimambogo na Nairobi zinawafikiaje watu wa Lamu, Kilifi na Kwale? Na vijana wetu wa vyuo vikuu vya hapa Pwani wanafundishwa kuzisoma? Nchi isiyo na wataalamu wake husubiri kuhadithiwa na wenye mabomu. Na serikali yetu, iliyokwisha kutia sahihi, iseme waziwazi katika Umoja wa Mataifa kwamba majaribio yasirudi. Bahari haina mpaka wa kuzuia majivu.