"Arudi Kwao": Kocha Siyo Ugonjwa wa Timu Yetu

Vijana wenzetu, na ninyi wa mashirika mnaotusoma,

Tangu Senegal waje hapa Juba tarehe 10 Oktoba 2025 na kutupiga tano bila, kila kibanda cha video kuanzia Gudele mpaka Gumbo kina hukumu moja tu: kocha aondoke. Kwenye chai ni kocha. Kwenye boda ni kocha. Ukipanga foleni ya maji, nyuma yako kuna mtu anamfukuza kocha. Sisi tunasema bila kumung'unya maneno: hukumu hiyo ni ya uvivu, na inatuumiza sisi vijana wakimbizi kuliko inavyomuumiza kocha yeyote.

Ndiyo, tunasema "kutupiga". Wengine wetu ni Wakongomani, wengine Warundi, wengine ni watoto wa hapa hapa waliokulia Kakuma na kambi za Uganda wakarudi na Kiswahili mdomoni. Tarehe 5 Septemba, Kongo ilipotufunga nne kwa moja hapa hapa Juba, wapo kati yetu ambao hawakujua walie au washangilie. Lakini mtu anayenunua unga wake Konyo Konyo, anayekanyaga matope ya Juba kila masika, ana haki ya kuumia Bright Stars ikifungwa. Hatuombi ruhusa ya mtu.

Tuanze na ukweli unaouma, ili asije mtu akasema tunaficha. Mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2026: tumecheza 10, tumeshinda sifuri, sare 5, vipigo 5. Mkiani mwa kundi. Hiyo haipambwi. Mwenye hasira ana sababu ya kuwa na hasira.

Sasa swali: hasira hiyo tunaielekeza wapi?

Hesabuni makocha. Timu hii ilicheza mechi yake ya kwanza tarehe 10 Julai 2012, sare ya 2-2 na Uganda hapa Juba, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Aliyeanza nayo alikuwa Mserbia, Zoran Đorđević. Baada yake wamepita Mkorea, Mwaljeria, Mkameruni, Mwitaliano, Mfaransa, na katikati yao wazawa kadhaa walioachiwa timu kwa muda kama mtu anayeachiwa mtoto mama akienda sokoni. Kama kufukuza kocha ni dawa, huyu mgonjwa angekuwa anakimbia marathoni.

Waangalieni wawili wa mwisho katika orodha hiyo, maana wanatosha kumaliza ubishi.

Stefano Cusin, Mwitaliano. Akiwa hapa, watu walisema hajui mpira. Akaondoka 2023, akaenda Komoro, visiwa vidogo ambavyo idadi ya watu wake haifiki hata milioni moja. Huko akamaliza wa kwanza kwenye kundi, juu ya Tunisia, na kuipeleka Komoro AFCON ya 2025 kule Moroko. Je, alijifunza mpira ndani ya ndege?

Nicolas Dupuis, Mfaransa, aliyekuja baada yake. Huyu ndiye aliyeipeleka Madagaska AFCON yake ya kwanza kabisa, mwaka 2019 kule Misri. Waliifunga Nigeria mbili bila, halafu wakaitoa Kongo kwa penalti, mpaka robo fainali. Wakongomani wenzetu wanaikumbuka siku ile, msiwaulize sana. Mtu huyo huyo akija Juba anaambiwa hajui kupanga kikosi.

Kwa hiyo mmoja alifanya maajabu kabla ya kuja, mwingine akayafanya baada ya kuondoka. Kilichobaki palepale ni hapa kwetu. Ukibadilisha dereva mara kumi na gari bado haliendi, fungua boneti.

Mtatuambia: lakini Komoro ilikuwa tayari nzuri kabla ya Cusin. Kweli kabisa, na hapo ndipo tulipotaka mfike. Komoro ilijengwa na Amir Abdou, aliyeanza nayo 2014 na kukaa mpaka 2022. Miaka minane! Miaka ya mwanzo walifungwa wakazoea. Hawakumfukuza. AFCON ya kwanza ya Komoro ilipokuja, iliyochezwa Januari 2022 kule Kameruni, waliifunga Ghana tatu kwa mbili na kuvuka makundi. Cusin alikuta nyumba imesimama, akapaka rangi. Sisi tunamwita fundi wa rangi, tunamwonyesha kiwanja kitupu, halafu tunamtukana.

Na kiwanja chenyewe, kwa miaka kadhaa hakikuwepo. Kumbukeni Novemba 2020: tuliifunga Uganda bao moja bila, ushindi mkubwa, lakini "nyumbani" kwetu siku hiyo kulikuwa Nairobi. Uwanja wa Juba haukufikia viwango. Yaani timu ya taifa nayo ilikuwa mkimbizi, inapokea wageni kwenye nyumba ya jirani. Ni 2024 tu ndipo mechi hizi zilirudi Juba. Na zilipofika, tuliona nini? Afrika Kusini walitushinda 3-2 kwa bao la dakika za nyongeza, watu wakatoka uwanjani kimya kama wanatoka msibani. Novemba mwaka huo huo tukaifunga Congo Brazzaville 3-2. Machi 2025 tukafungwa bao moja tu kule Kinshasa. Hiyo siyo timu ya watu wasiojua mpira. Ni timu inayochoka, inayokosa benchi, inayokutana siku chache kabla ya mechi, wachezaji wakitoka nchi kumi tofauti.

Wengine watasema: basi angalieni mpira wa kikapu! Sawa, tuangalie. Julai 2024, London, Sudan Kusini ilikosa kuifunga Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Siku chache baadaye, kwenye Olimpiki ya Ufaransa, wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Nchi ambayo haikuwa hata na ukumbi mmoja wa ndani wa mpira wa kikapu. Je, siri ilikuwa kufukuza makocha? Hapana. Kocha Royal Ivey aliachiwa timu miaka mfululizo. Rais wa shirikisho, Luol Deng, alitoa pesa zake mwenyewe timu isafiri, ilale, ile. Na huyo Luol Deng ni nani? Mtoto wa Wau aliyekimbia vita na familia yake mpaka Misri, akajifunzia kikapu huko ukimbizini, kisha Uingereza. Mkimbizi aliyepewa muda na mtu wa kumfundisha.

Hapa sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Siku hizi kwenye vibanda hatusikii tena "kocha amekosea kupanga beki". Tunasikia "khawaja arudi kwao". Na kocha akiwa mzawa, tunasikia "anapanga watu wa kabila lake". Jameni, hayo maneno mawili tunayajua. Tumeyabeba mgongoni. "Arudi kwao" ndilo neno tuliloambiwa Kakuma mtungi ulipogombaniwa, na ndilo tunaloambiwa hapa bei ya mafuta ikipanda, kana kwamba ni sisi tuliopandisha. "Watu wa kabila lake" ndiyo maneno yaliyochoma vijiji vya wazazi wetu, Ituri na hapa pia. Mkimbizi anayesimama kwenye kibanda na kupiga kelele "mgeni arudi kwao" anakata tawi alilokalia. Leo ni Mfaransa mwenye tiketi ya ndege. Kesho ni wewe, na wewe tiketi huna.

Mseme kocha. Ni haki yenu, na analipwa kwa kazi hiyo. Hatusemi asiguswe. Tunasema aulizwe maswali yenye majibu. Je, anakuja kuangalia mechi za ligi za hapa, au anachagua kwa simu? Ameingiza vijana wangapi wapya? Akifungwa anasema ukweli, au analaumu refa kila siku? Kocha akishindwa maswali hayo kwa misimu miwili, aende, na aende kwa heshima. Lakini swali la kwanza liwe kwa wanaomwajiri: mlimpa nini cha kufanyia kazi? Iko wapi ligi ya watoto wa miaka 15? Sisi kwenye mitaa yetu hatujaiona. Tunachokiona ni kiwanja cha wazi kinachochezewa asubuhi na jioni kimewekwa mabati, kimeuzwa.

Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka 1995. Juni 2022, kule Doha, alipiga penalti dhidi ya Peru iliyosaidia kuipeleka timu yake Kombe la Dunia. Timu gani? Australia. Hatumlaumu hata kidogo, Australia ilimpa nyumba na akademi. Lakini jiulizeni: Mabil wangapi wako Gorom leo, wako Sherikat, wanapiga mpira wa soksi, na hakuna mtu mwenye filimbi anayewatazama? Hakuna kocha wa taifa, awe malaika, atakayewapata huko. Anayeweza kuwapata ni kocha wa mtaani. Na huyo ndiye tunayemuua kila siku.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa hamtoki. Mnapenda kucheka shirikisho linalobadilisha makocha. Lakini mradi wenu una miezi 12. Afisa anakuja, anatupenda, anajifunza majina yetu, mkataba unaisha, anakuja mwingine anaanza "tujitambulishe". Tarehe 20 Juni kunakuwa na bonanza: fulana nyeupe, soda, picha na mgeni rasmi, fainali mbili kwa siku moja. Tarehe 21 mipira imefungiwa stoo na ufunguo uko kwa mtu aliye likizo. Kwenye ripoti imeandikwa vijana 200 wamefikiwa. Wamefikiwa wapi? Kufikiwa siku moja siyo kufundishwa. Ninyi pia mnafukuza kocha kila mwaka, ila ninyi mnaita "kumaliza mradi".

Tunajua pesa zimepungua tangu mwanzo wa 2025, tumeona ofisi zinafungwa na wenzetu wanapoteza kazi. Ndiyo maana hatuombi kikubwa. Nauli ya kocha mara mbili kwa wiki. Dawa na bandeji. Mipira minne kwa mwaka badala ya arobaini kwa siku moja. Ahadi ya miaka mitatu, hata iwe ndogo. Na ligi moja ambayo mtoto wa mkimbizi na mtoto wa mwenyeji wako kwenye jezi moja, siyo "timu ya wakimbizi" dhidi ya "timu ya wenyeji", maana hiyo mnayoiita mechi ya amani wakati mwingine inaisha kwa mawe.

Sasa turudi nyumbani kwetu wenyewe. Timu yetu ya vijana imefungwa mechi nne mfululizo, na kuna karatasi inayozunguka ya kutaka mwalimu wetu atolewe. Mwalimu huyu halipwi. Anatembea kwa miguu kutoka Jebel siku ambazo hana nauli. Makoni yake ni chupa za maji zilizojazwa mchanga. Akipewa kipa ambaye hana hata gloves, anafundisha hivyo hivyo. Kosa lake ni nini? Kwamba amewaweka benchi wakubwa wawili wasiokuja mazoezini na kuwapanga wadogo wa miaka 16. Yaani amefanya kile kile tunachodai kocha wa taifa akifanye, na tunamfukuza kwa hilo!

Sisi tumekataa kusaini karatasi hiyo. Msimamo wetu ni huu: mwalimu apewe misimu miwili kamili, awe na msaidizi wa kuandika nani anahudhuria na nani anaboreka, na mwisho wa msimu tukae naye tumuulize maswali yale yale matatu. Asiyeridhika alete hoja. Atakayeleta kabila au "kwao ni wapi" atoke nje ya kikao, hata kama ndiye mfungaji bora.

Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, jua likipoa. Kabla ya mazoezi kuna kazi ya kuokota mawe na kumwagia maji vumbi. Anayetaka kumfukuza kocha aje kwanza abebe ndoo mbili, aone kazi yenyewe ikoje. Akimaliza bado ana hasira, tutamsikiliza.