Kalemie: Mapine makubwa, bati iliyokatwa, na barabara inayongoja

Si ajabu siku hizi kukuta kwenye garaji ya hapa Kalemie motokari ndogo imepandishwa juu ya jeki, fundi anakata bati ya juu ya pine. Mwenye motokari ameleta janti na mapine makubwa kuliko yale yaliyotoka nayo kiwandani. Akizifunga, pine inagusa bati. Basi bati inakatwa.

Sababu tunaijua wote. Anayeshika RN5 kuelekea Bendera na Fizi, ao anayeenda Nyunzu wakati wa mvua, anatafuta motokari iliyo juu. Shofere hafanyi hivi kwa mapambo tu. Anaogopa kulala njiani na abiria.

Lakini tupige hesabu. Pine iliyoandikwa 175/65 R14 ina urefu wa karibu sentimeta 58 kutoka chini hadi juu. Ukiitoa na kuweka 185/70 R14, unafika karibu sentimeta 61. Faida ni sentimeta 3, ila motokari inapanda nusu yake tu, sababu nusu ingine inabaki juu ya ekseli. Yaani umekata bati kwa ajili ya sentimeta moja na nusu. Tena, saa ya mwendo ikionyesha 60, kwa kweli unakimbia karibu 63.

Kuna pia ile namba ET iliyochapwa ndani ya janti. Inaonyesha janti inakaa ndani ao nje kiasi gani. Ukitoa ET45 na kuweka ET20 yenye upana uleule, pine inatoka nje milimita 25. Hapo volani inakuwa nzito na beringi za gurudumu zinachoka mbele ya wakati.

Kosa kubwa liko kwenye kujaribu. Motokari inajaribiwa tupu, na mapine yamenyooka. Kesho yake inapakia watu na magunia ya mihogo, springi zinashuka, shofere anakunja volani kwenye kona, na ukingo wa bati uliobaki mkali unakula pine. Pine ikipasuka kwenye mteremko, abiria ndio wanalipa.

Kama ni lazima, fundi mzuri anakunja ukingo wa bati kuelekea ndani kabla ya kufikiria kukata. Akikata, analainisha na kupaka rangi, maana unyevu wa ziwa haukawii kuleta kutu. Kisha motokari inapakiwa, volani inakunjwa mpaka mwisho pande zote mbili, na mpira wa freni unaangaliwa kama haukwaruzwi.

Angalia pia umri wa pine ya okazyo. Kwenye ubavu, baada ya herufi DOT, tafuta namba nne za mwisho: 2314 maana yake juma la 23 la mwaka 2014. Pine ya namna hiyo, hata kama inang'aa, ni mzee.

Sasa tuseme wazi. Fundi hawezi kutengeneza barabara kwa msumeno. Tangu sheria ya mwaka 2008, kuna FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, na sehemu ya feza zake inatoka kwenye bei ya mafuta. Kwa hiyo kila shofere anayetia mafuta kwenye stesheni amekwisha kuchangia. Kisha analipa tena: janti, mapine, bati, beringi. Barabara za kitaifa ni kazi ya Office des Routes, na za ndani ya mji ni za OVD. Hao ndio wa kuulizwa.

Wakati tunangoja jibu, wewe abiria, kabla ya kupanda, inama kidogo uangalie mapine. Ukiona alama za kukwaruzwa, mwambie shofere. Si kumdharau. Ni kufika.