Watoto wa Owino Uhuru: Wasipimwe Halafu Wakasahauliwa



Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi wa Owino Uhuru, kile kijiji cha hapa Mombasa kilichotiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Tulifurahi, na haki ya kufurahi tulikuwa nayo. Lakini tusidanganyane. Hata pesa hiyo ikilipwa mpaka senti ya mwisho, kuna deni jingine linabaki: wale watoto, nani atawafuatilia kiafya mpaka wawe watu wazima?

Kiwanda kilianza 2007, kikafungwa 2014. Mtoto aliyezaliwa mwaka kilipoanza leo ni wa kuchukua kitambulisho. Na sumu ya madini ya risasi si homa, kwamba ukimeza dawa wiki moja imekwisha. Kwenye damu hupungua baada ya miezi, ndiyo, lakini nyingine hujificha kwenye mifupa kwa miaka na miaka. Msichana akishika mimba, mifupa yake inaweza kuitoa tena ikaingia kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anaitwa mzito darasani, mtundu, mwenye hasira, kumbe ubongo wake uliguswa akiwa bado anatambaa.

Kwa hivyo kupima damu mara moja na kwenda zako si kazi iliyokamilika. Panahitajika utafiti wa miaka 20 au zaidi. Na utafiti wa namna hiyo hauwezi kusimama bila wenyeji kuwa ndani yake tangu siku ya kwanza.

Wako watakaosema haya ni mambo ya madaktari, mwananchi wa kijijini ataelewa nini? Sawa, tuulize: nani aliyegundua sumu ya Owino Uhuru? Ni Phyllis Omido, mama aliyefanya kazi kiwandani humo, mwanawe akaugua, vipimo vikaonyesha risasi. Yeye na majirani zake walipiga kelele mpaka wakasikika. Anayevaa kiatu ndiye ajuaye kinapobana.

Tena Pwani yetu ina kumbukumbu yake. Gari geni likiingia mtaani kuchukua damu ya watoto, kabla ya adhuhuri habari ya mumiani imeshafika kila kibaraza. Watu hucheka, lakini uvumi huo haukui bure. Hukua pale ambapo damu inachukuliwa na majibu hayarudi. Angalieni Hiroshima. Mwaka 1947 Wamarekani walifungua taasisi ya kuchunguza manusura wa bomu, wakiwemo watoto waliokuwa tumboni siku ile. Walipimwa na kupigwa picha miaka nenda miaka rudi, lakini taasisi ile haikuwa ya kutibu. Uchungu wa manusura kuhusu jambo hilo haujasahaulika mpaka leo.

Njia bora si lazima tuitafute mbali. Hapo Kilifi, watafiti wa KEMRI wana wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wanavijiji wenyewe, wanaokaa nao kujadili utafiti na kurudisha maswali ya watu. Si mfumo usio na kasoro, lakini ni mwanzo. Sisi Waislamu jambo hili tunalijua kwa jina la shura. Huamui juu ya watu bila ya kushauriana nao.

Sasa tunataka nini?

1. Kamati ya wenyeji, wakiwemo vijana waliokulia pale, iwe na sauti kabla ya utafiti kuanza, si kuitwa siku ya kupiga picha.

2. Kila familia ipate majibu ya mtoto wake, kwa Kiswahili, na atakayekutwa na tatizo apate matibabu na msaada wa masomo.

3. Aliyeandikishwa akiwa mtoto, akifika miaka 18 aulizwe upya yeye mwenyewe. Ridhaa ya mzazi si ya milele.

4. Majina yalindwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Msichana asije akakosa posa kwa sababu orodha ilivuja na mtaa mzima unamwita “wa sumu”.

Na kuna wanaotuuliza chini chini, hao wa Owino Uhuru wengi si wenzetu, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Dhulma haiulizi dini, na haki ya jirani kwetu haina masharti ya dini. Kifungu cha 42 cha Katiba kimempa kila mtu haki ya mazingira safi, cha 43 haki ya afya. Kila mtu, hakikusema baadhi.

Kijana, ukisikia kuna kikao cha utafiti wa afya mtaani kwenu, usimwachie chifu na wazee peke yao. Nenda. Uliza damu inakwenda wapi, majibu yanarudi lini, na miaka 10 ijayo nani atakuwa bado anabisha hodi. Afya ya hawa watoto ni amana mikononi mwetu sote.

Wabillahi tawfiq.