Tahariri: Kura za Waislamu wa Marekani

Tangu uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2024, ndugu zetu katika misikiti mbalimbali wamekuwa wakituuliza swali moja. Imekuwaje Waislamu wa nchi ile wampigie kura Donald Trump, ambaye mwaka 2015 alitaka Waislamu wazuiwe kabisa kuingia Marekani? Wengine hawaulizi, wamekwisha kuhukumu, na neno "wasaliti" limetamkwa hata juu ya mimbari. Nasi twaona si uadilifu kuwahukumu watu kabla ya kuyajua yaliyowapata.

Kwanza, Waislamu wa Marekani hawajapata kuwa kundi moja. Mwaka 2000 viongozi wa jumuiya zao kubwa, wengi wao wahamiaji kutoka Asia Kusini na nchi za Kiarabu, walitangaza kumwunga mkono George W. Bush wa chama cha Republican. Walikuwa na sababu. Sheria ya mwaka 1996, iliyotiwa saini na Rais Clinton wa Democratic, iliruhusu mgeni afukuzwe nchini kwa ushahidi wa siri asioonyeshwa, na Bush aliukemea ushahidi huo katika mdahalo wa Oktoba 2000. Tena madaktari, wahandisi na wafanyabiashara miongoni mwao walivutiwa na kauli za chama hicho kuhusu familia na kodi.

Lakini Waislamu Weusi, ambao mababu zao walifikishwa kule katika minyororo, waliona vingine. Wazee wao walikuwa watu wa Republican tangu enzi za Abraham Lincoln. Walianza kukihama chama hicho katika miaka ya 1930, na baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ambayo mgombea wa Republican, Barry Goldwater, aliipinga, walikihama karibu wote. Walijua kwa uzoefu polisi ni nani na mahakama ni nini. Wengi wao walimchagua Al Gore, na walilalamika kwamba uamuzi ulitangazwa kwa jina la Waislamu wote ilhali wao hawakushirikishwa ipasavyo katika shura. Hapa ndipo tunapoona kosa, wala si katika jina la mgombea. Aliyehamia jana alijifanya msemaji wa aliyedhulumiwa karne nne, na wote wakiswali safu moja.

Bush alitangazwa mshindi wa Florida kwa tofauti ya kura 537, na kwa Florida akaupata urais. Mwaka haukupita ila yakatokea mashambulizi ya Septemba 2001. Oktoba hiyo hiyo ikapitishwa sheria iliyopanua mno upelelezi, na Machi 2003 Iraq ikavamiwa. Mhamiaji aliyeiogopa karatasi moja ya siri sasa alikuwa akihojiwa uwanja wa ndege na kufuatiliwa hadi msikitini. Akayaonja aliyokuwa akisimuliwa na ndugu yake Mweusi. Mwaka 2004 kura nyingi za Waislamu zikaenda kwa John Kerry, na mwaka 2008 kwa Barack Obama.

Kisha ikaja vita ya Gaza. Februari 2024, katika kura ya mchujo ya Democratic jimboni Michigan, watu zaidi ya 100,000 walikataa kumtaja Rais Biden na kuchagua kutokuwa na mgombea. Waliambiwa watarudi tu. Hawakurudi. Katika mji wa Dearborn, uliompa Biden ushindi mkubwa mwaka 2020, Trump alipata asilimia 42, Kamala Harris 36, na Jill Stein 18. Je, watu wale walibadili itikadi katika miaka minne? Hatudhani. Dai lao lilibaki pale pale, kura ndiyo iliyohama. Mwaka 2000 walihama kwa kutafuta nafuu yao wenyewe, mwaka 2024 wengi wao walihama kwa ajili ya watoto wa watu wengine. Sababu hii ya pili ina heshima mbele yetu, japo hatukushawishika kwamba dawa yake ilikuwa Trump. Juni 2025 alizuia raia wa Yemen, Somalia, Sudan na Libya, pamoja na nchi nyingine, kuingia Marekani, na familia nyingi za Michigan zina jamaa huko.

Novemba 2025 Zohran Mamdani, Mwislamu mzaliwa wa Kampala, alichaguliwa meya wa New York. Hakuificha dini yake wala msimamo wake juu ya Palestina, lakini alichowaambia wapiga kura kila siku ni kodi za nyumba, nauli za basi na malezi ya watoto. Waliomchagua wengi si Waislamu.

Masheikh waliotamka neno "wasaliti" tunawafahamu na tunawaheshimu. Tunawaomba walirejee neno hilo juu ya mimbari ile ile, Ijumaa kama ile, na waseme kwamba walisema bila kuuliza.