Mshika mawili ambaye hakuponyokwa

Nyumba yenye mtoto anayependa michezo huijua vita hii. Baba anataka vitabu, kocha anataka mazoezi, mama yuko katikati akipatanisha. Mwisho hutolewa kauli ya wahenga: mshika mawili, moja humponyoka.

Maisha ya Gordon "Red" Berenson yanawapa wazazi sababu ya kuitazama upya kauli hiyo.

Berenson alizaliwa Desemba 1939 mjini Regina, Kanada. Mchezo wake ni hoki ya barafuni, ambapo wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma chini na kugombea kisahani kigumu kwa magongo. Enzi zake, kijana wa Kanada aliyetaka kulipwa kwa kucheza hakwenda chuo, kwani chuo kilionekana ni kupoteza muda. Yeye alivuka mpaka akajiunga na Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kusomea biashara.

Hakupoteza kitu. Katika msimu wake wa mwisho chuoni alifunga mabao 43, na Machi 1962, mara tu msimu ulipoisha, alivaa jezi ya Montreal Canadiens. Alicheza ligi kuu ya NHL kwa misimu 17. Novemba 7, 1968, akiwa na St. Louis Blues, alifunga mabao 6 katika mechi moja ugenini. Katikati ya yote hayo, ligi ilipopumzika, alirudi darasani hadi akapata shahada ya uzamili.

Mwaka 1978 aliacha kucheza akiwa na miaka 38. Akawa kocha wa Blues, na mwaka 1981 akatunukiwa tuzo ya kocha bora wa NHL. Mwaka uliofuata alifutwa kazi. Ndivyo michezo ilivyo, shangwe ya leo haimlindi mtu kesho.

Mwaka 1984 alirudi Michigan, safari hii kuwafundisha vijana. Misimu 3 ya kwanza timu ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda, lakini hakukata tamaa. Kuanzia 1991 hadi 2012 ilifuzu mashindano ya taifa ya vyuo kila mwaka, miaka 22 mfululizo, na ikatwaa ubingwa mwaka 1996 na 1998. Alistaafu 2017, akiwa na miaka 77 na ushindi 848.

Pamoja na makombe hayo, alijulikana kwa jambo lingine: kuwahimiza wachezaji wamalize shahada zao, hata wale walioitwa mapema na klabu kubwa. Kocha wa chuo hupokea kijana wa miaka kama 18 na kumwachia akiwa mtu mzima. Kanuni za vyuo vya Marekani nazo humtaka mchezaji awe anaendelea vizuri na masomo ndipo aruhusiwe kucheza.

Kiafya, msimamo huo una mantiki. Mwili wa mwanamichezo una muda wake. Kano ya goti ikikatika, upasuaji na mazoezi ya kurejea uwanjani vinaweza kuchukua miezi 6 hadi 12, na wapo wasiorudi kabisa. Mtikisiko wa ubongo unaojirudia unaweza kumlazimu kijana kuacha mchezo angali mbichi. Siku hiyo ikifika, asiye na kingine mkononi huumia mara mbili, mwili na moyo.

Kwa hiyo mzazi asikimbilie kuficha viatu vya mtoto, wala asimtoe shule kwa ahadi ya wakala. Akae na mwalimu na kocha, ratiba ya mitihani na ya mechi zikiwa mezani. Ahakikishe kijana wa miaka 13 hadi 18 analala saa 8 hadi 10, maana bila usingizi havishikiki vitabu wala mpira. Walau siku moja kwa wiki iwe ya mapumziko. Akilalamika maumivu, asiambiwe ajikaze, apelekwe hospitali.

Wahenga hawakukosea, mawili ni mazito. Ila mtoto hana mikono yake tu. Wakubwa wakimsaidia kushika, hakuna lazima kiponyoke.